Pembe Iliyokatwa

Mara tatu nimepiga kura,
na mara zote tatu
kidole chenye wino kilikuwa changu,
kalamu ilikuwa ya Shaame.
"Tayari, shemegi, nimeshakuwekea."
Kaniwekea wapi, hakunambia.
Kama mgonjwa anayelishwa: hutafuna, humeza,
haulizi kama ni changu au tasi.

Si mtu mbaya Shaame.
Hunisomea karatasi za hospitali,
hunihesabia chenji sokoni Wete, haijapungua hata mia.
Lakini chenji naiomba, naipapasa.
Kura ikishatumbukia haipapasiki.

Safari hii nilimtangulia.
Kabla hajavaa kandambili zake nikashika fimbo,
nikafuata ukuta wa Mcha mpaka unapokatika,
halafu harufu ya mofa kwa Bi Asaa, halafu changarawe,
halafu vidato vya skuli:
vitatu, na cha kati kimemeguka.

Pale chini nikasikia chuma kinakwaruza.
Ngwali, na kiti chake cha magurudumu,
anangoja wanaume wanne
wamnyanyue kama gunia la karafuu.
"Wamefika wawili," akasema.
"Basi hesabu na mimi, watatu."
Tukacheka. Hatujamaliza kucheka,
wakatokea wawili wengine, wakampandisha.

Ndani, sauti ya msichana: "Bibi, nani kakuleta?"
"Fimbo. Nakitaka kile kifaa chenye nukta."
Kimya.
Kiti kikasukumwa, boksi likabanduliwa utepe, krrr,
kumbe hakijatolewa tangu kilipoletwa.
Mmoja katika foleni akaguna: "Tutachelewa."
Mie nimechelewa chaguzi tatu. Sikumjibu.

Mimi nasuka ukili.
Vidole hivi vinajua chane saba na chane kumi na moja,
vinajua pale muwaa mkavu ulipochanganywa na mbichi
ili mnunuzi asigundue.
Nikapapasa. Nukta hazikusomeka.
Nikarudia. Hazikusomeka,
kama mtu anayenisemesha kinyumenyume.
"Hajui kusoma huyu," akanong'ona mwengine.

Nikaitafuta pembe.
Walitufundisha Chake, siku moja tu, chini ya feni bovu:
pembe iliyokatwa ikae juu, kulia kwako.
Ilikuwa chini, kushoto.
"Mwanangu, umekiweka kichwa chini."

Uso unaoona haya una sauti yake:
pumzi hukatika, bangili hutulia.
"Samahani, bibi. Na sisi tulifundishwa dakika kumi."

Nyuma ya kadibodi, peke yangu.
Sijapata kuwa peke yangu
mahali penye watu wengi namna ile.
Nikashuka, tundu kwa tundu.
Nikasimama. Nikarudi nyuma tundu moja.
Nikasimama tena.
Huyu.
Nikaikandamiza alama
mpaka nikaihisi upande wa pili wa karatasi.

Wino unanuka kutu na dawa ya vidonda.

Nje, Shaame, pumzi juu juu,
kandambili moja imemkatikia njiani.
"Umekwenda peke yako! Haya, umempa nani?"
Nikamnyoshea kidole.
"Wino huu rangi gani?"
"Zambarau. Kama bilingani."
"Ahsante. Rangi ndiyo kazi yako leo,
iliyobaki yangu."
Akanyamaza. Nikasikia anaikunjua ile kandambili, anaikunja.

Juu barazani chuma kikakwaruza.
Ngwali. Kura ameshapiga, zamani.
Wale wanne waliompandisha
kila mmoja kashika njia yake.
Kupanda kulikuwa na watu, kushuka hakuna aliyekumbuka.

"Wamefika wangapi?" nikamuuliza.
"Wewe," akasema.
Nikamshika Shaame mkono, nikamvuta kwenye kidato cha kwanza.
"Na huyu, mwenye kiatu kimoja."